Betri ya pili kwenye lori: maswali ya madereva

Fundi, lori langu ni la volti 24. Nikilala foleni ya Tunduma nawasha friji ndogo na feni, asubuhi stata haizunguki. Nikiongeza betri mbili na kuziunga na zilizopo, itasaidia?

Ukiziunga moja kwa moja, zote nne zitaisha pamoja na bado utatafuta wa kukubusti. Betri za kulalia zitengane na za kuwashia injini. Funga mbili za volti 12 kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate 24, kisha kati ya seti hizo mbili weka rilei, yaani swichi ya umeme inayosoma volti yenyewe. Injini ikiwaka na chaji ikapita kama volti 26.6, inaunganisha; ukizima na volti zikashuka karibu 25.6, inakata. Friji, feni, chaja za simu, vyote viende seti ya pili.

Nimefungiwa waya wa milimita 6 za mraba, umbali mita 6. Mbona betri ya pili haijai?

Waya ni mwembamba, ndugu yangu, na hapa ndipo madereva wengi wanapoteza hela kwa kununua betri mpya bure. Umeme unakwenda mita 6 na kurudi mita 6. Chaji ikiwa ampea 40, waya huo unakula karibu volti 1.4 njiani: alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inatoa 28.2, betri inapata 26.8. Betri ya kawaida ya risasi hapo inajaa polepole mno, unafika ukiwa bado hujaijaza. Weka waya wa milimita 25 za mraba, upotevu unashuka hadi theluthi moja ya volti.

Pima mwenyewe injini ikiunguruma: weka mita ya kupimia volti kwenye nguzo za betri za stata, halafu kwenye za pili. Tofauti ikizidi nusu volti na waya ni mnene, kagua vichwa vya betri kama vina unga mweupe, kisha angalia ethi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi. Mara nyingi utaikuta imefungwa juu ya rangi ya chesisi. Kwangua mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze.

Fyuzi moja inatosha?

Hapana. Waya huo una betri kila upande. Ukichubuka katikati, moto unatoka kote kuwili. Weka fyuzi kila mwisho, karibu kabisa na nguzo ya chanya, yenye ampea zisizozidi uwezo wa waya.

Redio yangu ni ya volti 12. Nichote kwenye betri moja?

Usifanye hivyo. Alteneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja: unayochota haitajaa, mwenzake atachajiwa kupita kiasi na kukauka maji. Nunua konveta, kifaa cha kushusha volti, ya 24 kwenda 12.

Na betri za lithiamu?

Nzuri sana kwa kulalia: nyepesi, na unatumia karibu chaji yote, wakati ya risasi inafaa uishie nusu. Ila inavuta ampea nyingi mno, na alteneta inaweza kuungua, hasa injini ikiunguruma taratibu gari limesimama (sailensa). Usitegemee rilei peke yake. Funga chaja kati ya alteneta na betri hiyo, inayodhibiti ampea na kutoa volti zilizoandikwa kwenye betri yenyewe.

Mimi nabeba petroli. Nifunge vivyo hivyo?

Usiguse. Swichi kuu ya lori la tangi ipo ili umeme wote ukatike kwa mara moja, na betri ya pembeni itaacha waya wenye moto hata baada ya kuizima. Kazi hiyo iombee kibali kwa mwenye gari, ifanywe na fundi wa magari ya mafuta.