Wageni wa Wiki Mbili Lamu: Anza na Tangi

Ukishapanga nyumba Lamu kwa miezi mitatu, marafiki wataanza kujialika. Kabla hujawauliza wanafika lini, panda juu ukatazame tangi. Nyumba za mji wa kale zilijengwa kwa watu wa kuoga kwa kata, si kwa wageni sita wa bomba la mvua. Bomba likiachwa wazi hutoa kama lita nane kwa dakika. Mtu akisimama chini yake dakika kumi ni lita 80, na hajavuta choo wala kufua shati. Kwa hesabu hiyo tangi la lita 1,000 haliwafikishi siku mbili. Ndoo moja ya lita 20 yamtosha mtu mzima kuoga na kusuuza. Weka ndoo na kopo katika kila bafu na useme siku ya kwanza. Ukisema siku ya tano itasikika kama masimango. Pampu iwashwe alfajiri, tangi lijae kabla stima haijapotea. Maji ya kunywa ni hesabu nyingine: kwa joto la kaskazi, watu sita humaliza mtungi wa lita 20 kwa siku moja hivi.

Pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, weka beseni la maji na kata, miguu ioshwe hapo. Mchanga wa Shela, kijiji jirani cha ufuoni, ni mwembamba kama unga. Ukiingia bafuni hushuka na sabuni na nywele hadi kwenye kona ya bomba la maji machafu, ukajikaza mle, na fundi wa kuzibua huenda akalazimika kukata bomba.

Anayekuja kwa ndege hutua Manda, wa basi huishia Mokowe, na wote huvuka kwa boti. Mabegi yawe laini, ya kubeba begani. Sanduku la magurudumu halina maana kwenye vichochoro vyenye mitaro na mavi ya punda. Bei ya boti na ya hamali ipatanwe kabla mzigo haujainuliwa. Aprili hadi Juni usimkaribishe mtu kwa muda mrefu: ni masika, bahari imechafuka, na watu wanane chini ya paa moja huchokana upesi.

Kinachowaponza wageni zaidi ni kupwa na kujaa. Mjini hadi Shela kwa njia ya ufuoni ni kilomita tatu hivi, dakika arubaini na kitu kwa miguu. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa hiyo mtu huenda na viatu vikavu, akirudi anakuta bahari inapiga ukuta. Hapo ni kuloa au kulipa boti bei ya mtu aliyekwama. Saa hizo husogea mbele kama dakika 50 kila siku; wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, asubuhi ndiyo yamejaa. Bandika saa za maji kwenye friji.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ni kinyume chake: mkono wa bahari unaopita kati ya mikoko hauingiliki ila maji yakijaa. Kundi likizembea kwa picha, mashua itakaa kwenye tope saa kadhaa, na mbu wa pale hawana adabu. Saa ya kuondoka aitaje nahodha, si mgeni.

Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Kupita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wajifunge kikoi au leso. Wengi hulijua hilo. Wasilolijua ni la juu ya paa: ukiegemea ukingo unaona uani kwa jirani, ambako wanawake wamekaa bila buibui. Viti vielekezwe baharini, na anayetaka kuchungulia mji aende Ngomeni, kwenye ile ngome ya kale ya mjini.

Mpishi aliyepatana kuwapikia watu wawili hakupatana kuwapikia wanane. Muongeze siku ile wageni wanapofika, na pesa itoke kwenye mchango wao, ukusanywe kabla ya soko la kwanza. Asubuhi mpumzishe: mahamri na mbaazi vinauzwa mtaani, na mgeni yeyote anaweza kutumwa na bakuli.