Manenosiri ya wateja kwenye kompyuta ya steshenari

"Kaka, mbona hii akaunti si yangu?"

Binti aliyeniuliza hivyo alitoka Nanyamba alfajiri kuja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu hapa steshenari kwetu, Chikongola, Mtwara mjini. Hakuwa ameandika hata herufi moja. Kivinjari kilimjazia barua pepe na nenosiri la mteja wa jana yake, akabonyeza, akaingia. Vyeti, picha na namba ya NIDA ya mtu mwingine vikawa mbele ya macho yake.

Jioni nilifunga mlango nikafungua Chrome: nukta tatu, mipangilio, kidhibiti cha manenosiri. Orodha ilikuwa ndefu mno. Kwa kawaida ukigusa alama ya jicho ili usome nenosiri, Chrome kwenye Windows hudai kwanza PIN au nenosiri la kompyuta. Yetu hatukuiwekea, maana umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara na tulitaka iwake haraka. Basi kila nenosiri lilisomeka peupe. Na hata ungeiwekea PIN, ukiinuka na kuiacha wazi, anayekaa baada yako hana haja ya kulisoma; kivinjari kinamjazia.

Nilifuta yote, nikazima kabisa lile swali la "uhifadhi nenosiri?" Sasa kompyuta ina akaunti mbili za Windows, yangu ina PIN, na wateja wanatumia Chrome kwa hali ya mgeni, ambayo hufuta historia na kuingia kwao wakishafunga madirisha yote. Faili walizopakua hubaki, hizo nazifuta kwa mkono kila jioni.

Wewe unayekwenda steshenari, kuwa mwangalifu na jambo moja. Ukiingia kwenye Chrome ya watu kwa akaunti yako ya Google na usawazishaji (sync, yaani kunakili data zako kwenye kila kifaa ulichoingia) ukawaka, manenosiri yako yote yanakufuata pale. Ukiyafuta palepale, yanafutika na kwenye simu yako. Usiyafute, jitoe kwenye akaunti. Umeshaondoka? Shika simu, fungua akaunti ya Google, sehemu ya usalama, vifaa vyako, uitoe ile kompyuta.

Kwenye kompyuta yako ya nyumbani hifadhi tu, ni bora kuliko kutumia nenosiri moja kila mahali. Ila weka PIN, na ukiinuka ifunge skrini kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Wanaotumia kivinjari cha Firefox waweke nenosiri kuu, lile linalolinda manenosiri yote yaliyohifadhiwa humo. Barua pepe iwekee uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri, kisha uthibitisho wa pili kama vile msimbo wa simuni) kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine.

Yule mteja wa jana nilimpigia usiku uleule. Alikwisharudi Newala. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi, akabadilisha nenosiri kwa simu ya mdogo wake huku tukiongea.