Kabla Hujaua Bakteria, Uliza Sumaku

Siku ile nilifika nyumbani Githurai saa mbili usiku nikiwa nimebeba kuku mzima wa kuchoma na soda ya lita mbili. Dada yangu akaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia hapana, nimeua bakteria.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikitengeneza kampaundi zenye ioni mbili za shaba zilizoshikwa na ligandi moja, yaani molekuli inayoikumbatia metali. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefungua sahani za agari, ule utelezi tunaooteshea bakteria, na kuzunguka kipande cha karatasi nilichokilowesha kwenye kampaundi yangu palikuwa peupe kabisa, hakuna bakteria, duara la milimita 15. Nililipima kwa rula mara tatu. Kichwani tayari nilikuwa naandika muhtasari wa tasnifu.

Kesho yake fundi wa maabara, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, aliinamia sahani ile, miwani ikimteleza puani. "Vizuri, mama. Na chumvi tupu umeijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Tukachukua shaba asetati ile ile ya kwenye chupa, chumvi niliyoanzia kazi, bila ligandi, bila ile wiki yangu nzima ya kuchemsha na kuchuja, tukaiweka kwenye agari. Milimita 16.

Siku hizi nasaidia wanafunzi kupanga kazi zao za maabara, na naliona kosa langu likirudi kila mwaka likiwa na sura mpya. Mtu anapata unga wa rangi nzuri, anaukimbiza kwa bakteria, kisha ndipo anaanza kujiuliza ule unga ni nini. Ushauri wangu ni huu: ukitengeneza kitu unachodai kina metali mbili au zaidi, pitia kwanza kwenye sumaku.

Shaba ya hali ya pili, yaani shaba(II), ina elektroni moja isiyo na mwenzake. Elektroni hiyo ni kisumaku kidogo. Ioni ikiwa peke yake, hesabu ya kawaida inasema utapata magnetoni za Bohr (kizio cha nguvu ya kisumaku kama hicho) 1.73, kwa vipimo halisi mara nyingi ni kati ya 1.8 na 2. Lakini ioni mbili zikiunganishwa na daraja linalofaa, vile visumaku viwili husikiana. Vikitazama upande mmoja, nguvu inaongezeka. Kimoja kikitazama juu na kingine chini, vinafutana na namba inashuka. Kwa hiyo mizani na sumaku vinaweza kukuambia kama metali zako zinajuana au zimepanga tu nyumba moja.

Na mfano bora ulikuwa rafuni kwangu muda wote. Shaba asetati inaonekana chumvi ya kawaida, ya buluu inayoelekea kijani. Ndani yake ioni za shaba zinakaa mbili mbili, umbali wa angstromu 2.6 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), zimezungukwa na asetati nne zilizosimama kama makasia, na molekuli ya maji kila ncha. Mwaka 1952 Bleaney na Bowers, wanafizikia wa Oxford, waliona usumaku wake hauendani kabisa na shaba iliyo peke yake, wakasema lazima ziwe jozi. Muundo wenyewe kwa eksirei ulichapishwa 1953, na jozi zikaonekana. Katika joto la kawaida kila shaba hapo inatoa kama 1.4 tu, na ukizidi kuipoza namba inaelekea sifuri.

Sasa cheka. Nilipopima kampaundi yangu nilipata 1.87. Nilianza na chumvi iliyokuwa tayari imeoana, nikaihangaisha wiki nzima, nikatoka na wajane. Ligandi yangu ilikuwa imeikumbatia kila shaba kivyake na kulikata daraja.

Nisizidishe, lakini. Namba kubwa peke yake haihukumu. Jozi inayosikiana kidogo tu itatoa namba kama ya shaba mpweke katika joto la Nairobi, na utahitaji kuipoza sana, au upate kristali, ndipo ujue. Na namba ndogo nayo inaweza kukudanganya kama hukuosha vizuri: ligandi iliyobaki kwenye unga haina sumaku ya maana, lakini uzito inao, na uzito huo unakushushia hesabu. Ndiyo maana kipimo cha kaboni, haidrojeni na nitrojeni, kinachoonyesha kama unga ni safi, hakikwepeki. Ila bado sumaku ni ya haraka, na hailambi sampuli yako: unga unaoingia ndio unaotoka.

Mizani ya Gouy ni kifaa cha zamani na hakina maringo. Bomba la kioo lenye unga linaning'inia kwenye mizani, ncha yake ikiwa katikati ya sumaku. Unapima bila sumaku, unapima na sumaku, tofauti ndiyo habari. Kinachoua vipimo ni ujazaji. Unga uliojaa mapengo unatoa namba nyingine kila ukijaza upya. Jaza kidogo kidogo, gonga bomba mezani polepole baada ya kila kijiko, mpaka kimo kisishuke tena. Mimi nagonga mara mia. Jaza upya mara tatu, na kama namba tatu hazikaribiani, usichukue wastani ukajifariji. Rudi ukasage unga. Toa mchango wa bomba tupu, kwa sababu kioo kinasukumwa na sumaku. Toa na mchango wa ligandi kwa viwango vya Pascal, yaani jedwali la mchango wa kila atomu.

Halafu chuma. Kijiko cha chuma kikikwaruza kinu chako, chembe usiyoiona kwa macho itakupa usumaku wa ajabu na furaha ya uongo. Tumia plastiki au kauri. Hata kishikio cha bomba: chetu kilikuwa cha chuma na kilikuwa kinavutwa. Nilienda Kamukunji kwa fundi wa masufuria, nikamwambia nataka alumini tupu, hata msumari wa chuma sitaki. Hakuuliza kwa nini. Alitoa mfukoni sumaku ya spika iliyovunjika, akaipitisha juu ya rundo lake la vyuma chakavu, kilichonata akakitupa kushoto, kisichonata kulia. Nilisimama pale nikitazama mtu akifanya somo langu la muhula mzima kwa sekunde arobaini.

Baada ya hapo nilisoma muundo kwa macho mengine. Kwenye kampaundi za shaba mbili zilizounganishwa na haidroksidi mbili, Hatfield na Hodgson walionyesha mwaka 1976 kwamba pembe ya shaba-oksijeni-shaba inaamua karibu kila kitu: ikizidi nyuzi 97.5 hivi visumaku vinafutana, ikipungua vinasaidiana. Ukiongeza metali mambo yanakuwa matamu zaidi. Kuna asetati moja ambayo molekuli yake ina ioni kumi na mbili za manganizi: nane zinatazama upande mmoja, kila moja na spini (kipimo cha kisumaku chake) ya 2, na nne upande wa pili, kila moja 1.5. 16 toa 6, spini inabaki 10, na mwaka 1993 ilionekana kwamba kwenye baridi ya kelvini chache, karibu na sifuri kamili, molekuli moja moja inashika usumaku kama sumaku ndogo.

Tukirudi kwa viumbe, asili ilitutangulia. Pweza unayemla Mombasa ana damu ya buluu kwa sababu ya hemosianini, na pale oksijeni inaposhikwa zipo shaba mbili. Ikishabeba oksijeni, zote mbili ni shaba(II), kila moja na elektroni yake, lakini usumaku hauonekani: zimefutana kupitia daraja la peroksidi. Urease, kimeng'enya ambacho bakteria wa vidonda vya tumbo wanakitumia kuvumilia asidi, kina nikeli mbili. Sumner alikipata kikiwa kristali mwaka 1926. Nikeli ikaja kugunduliwa 1975. Karibu miaka hamsini watu wameshika kristali safi mkononi, na metali imo ndani imenyamaza.

Ukifika kwa bakteria, basi, fika na maswali. Kwenye maji shaba asetati inaachana, jozi zinavunjika. Agari imejaa asidi amino zinazopenda shaba. DMSO tunayoyeyushia kila kitu nayo inajishika kwenye metali. Sisplatini, dawa ya saratani yenye platini, ikiyeyushwa humo inaharibika. Kwa hiyo muundo uliouchora kwenye karatasi huenda hauko kwenye sahani. Pima usumaku au rangi ya myeyusho wako siku ya kwanza, kisha tena baada ya saa 24.

Weka kando ligandi peke yake, chumvi peke yake na kiyeyushi peke yake, sahani ile ile, siku ile ile. Na linganisha kwa idadi ya shaba. Moli moja ya kampaundi yenye shaba mbili inaingiza shaba mara mbili, halafu mtu anashangaa kwamba imeua mara mbili. Duara lenyewe lina ujanja: molekuli kubwa inatambaa polepole kwenye agari, na duara dogo linaweza kumaanisha uvivu wa kutembea tu. Ukiweza, tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kwenye supu ya mirija. Kisha jaribu kwenye seli za binadamu, maana shaba haichagui.

Mimi nilirudia yote na ligandi yenye daraja la oksijeni. Safari hii sumaku ilinipa 1.38, mara tatu mfululizo, ligandi imeoshwa mpaka maji ya kuoshea yakawa meupe. Jozi ilikuwepo. Kwenye agari, kwa idadi ile ile ya shaba, ilitoa milimita 9, na chumvi ikatoa 14. Msimamizi wangu alitazama jedwali muda mrefu, akasema duara hili ni dogo. Nikamwambia ndiyo, lakini hili najua ni la nani.