Wamaya hawakusema dunia itaisha 2012

Ndugu uliyeuliza kama Wamaya, watu wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati, walichonga kwenye mawe kwamba dunia ingeisha 2012: hapana, hayo yalikuzwa na watu wa zama zetu.

Kalenda ndefu ya Wamaya ilihesabu siku tu, kama mita ya gari. Ilizipanga kwa mafungu: siku 20, kisha 360, kisha 7,200, kisha 144,000. Katika maandishi yao nukta ni 1, mstari ni 5, kwa hiyo 13 utaiona kama mistari miwili na nukta tatu. Pale Quiriguá, Guatemala, kuna Mnara C, nguzo ya jiwe iliyochongwa, wa mwaka 775. Umeandikwa tarehe ya mwanzo wa hesabu, mwaka 3114 KK, miungu ilipopanda mawe matatu. Mafungu 13 ya siku 144,000 toka hapo ndiyo yalitimia Desemba 2012. Mita ikageuka, basi.

Na kule Palenque, Meksiko, maandishi ya mfalme Pakal yanataja tarehe inayoangukia mwaka 4772. Sasa mtu anayeamini dunia inaisha 2012 anaandika tarehe ya 4772 ya nini?