Kwa nini udaktari wa familia hauna wateja

Mdogo wangu, unauliza kwa nini wanafunzi wa udaktari hapa Mbeya wanawaza upasuaji na uzazi tu, tiba ya familia, yaani ubingwa wa kumtazama mgonjwa kwa ujumla wake, haitajwi. Kubwa ni kwamba hawaioni. Katika miaka mitano ya MD, shahada ya udaktari, wanazunguka wodini: watoto, upasuaji, uzazi, magonjwa ya ndani. Bingwa wa familia wa kumuiga ni nadra kukutana naye; ukimtaja wanadhani ni mganga wa zahanati, ambaye mara nyingi wala si daktari, ni tabibu. Halafu kuna hofu ya kupangiwa wilayani kusikokuwa na kliniki ya jioni ya kuongezea kipato. Hiyo siwalaumu.

Ila kaa OPD, idara ya wagonjwa wa nje, uone. Anaingia bibi kutoka Busokelo: presha, sukari, goti limevimba, na usingizi hapati tangu afiwe na mwanawe. Mkononi kadi tatu za kliniki, na dawa mbili za presha za aina moja, kila moja imeandikwa na daktari wake. Nani anamtazama mzima mzima?

Ukiipenda fani, Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar, wanaifundisha ngazi ya uzamili. Ulizia ufadhili mapema.