Nimegongana na bodaboda nikiingia sheli, kosa ni la nani?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi naishi Kimara, wiki iliyopita natoka kazini jioni foleni ya Morogoro Road imesimama kabisa, nikaona bora niingie sheli niweke mafuta huku inapungua. Nikawasha indiketa ya kushoto nikakata kona, ile naingiza pua tu nikasikia paa! saiti mira ya kushoto imeng'oka na bodaboda yuko chini. Nashuka natetemeka, kijana wa watu suruali imechanika gotini na damu inatoka, kabla hata sijampa pole wenzake kama ishirini wameshanizunguka, mmoja kachomoa funguo ya gari, toa hela la sivyo huondoki. Nikamtumia 80,000 kwa simu, akapanda pikipiki yake akaondoka anachechemea. Sasa dada, indiketa niliwasha, yeye ndo alikuwa anapita kushoto, kosa langu liko wapi? Siku nyingine nikimbie? Halafu sisi faini 30,000 wao 10,000, inauma kwa kweli.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, kuzungukwa na wanaume ishirini ukiwa peke yako sio jambo dogo, na kuchomoa funguo ya gari la mtu ni makosa hata kama huyo mtu kagonga kweli.

Ila nikwambie ukweli, mimi naendesha gari na mdogo wangu wa mwisho anaendesha bodaboda, kwa hiyo haya maneno nayasikia pande zote mbili mezani kwetu kila Jumapili. Sisi tunaendesha kushoto, kupita gari lingine unatakiwa upite kulia, hapo kijana alikosea. Lakini angalia hiyo barabara yenyewe, kulia katikati kuna njia ya mabasi ya mwendokasi toka 2016 na bodaboda akiingia humo anakamatwa, magari yamejipanga bampa kwa bampa, yeye ana abiria mwenye haraka na jioni anatakiwa apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki, ka nafasi kanakobaki ni kale ka kushoto pembeni ya mtaro. Anakosea ndiyo, ila anakosea kila siku, muda uleule, upande uleule, na sisi tunajua. Na sisi wa magari tukikaa kwenye foleni macho yote kulia na mbele, kioo cha kushoto tunakisahau, indiketa tunaiwasha sekunde moja na usukani tumeshakata. Indiketa haikupi njia mdogo wangu, inasema tu unataka nini. Washa mapema, sogea kushoto taratibu kabla ya kona ili ile nafasi izibe, angalia kioo, halafu geuza na shingo kabisa maana kuna sehemu kioo hakifiki na pikipiki nzima inajificha hapo.

Siku moja nilipakiwa na huyo mdogo wangu kutoka Ubungo ndo nikaelewa vizuri. Kila gari tulilolikaribia alikuwa anatazama kwenye saiti mira yake, nikamuuliza unatafuta nini, akaniambia namtafuta dereva, nikiuona uso wake kwenye kioo najua na yeye anaweza kuniona, nisipouona sipiti. Kuna gari moja tulikaa nyuma yake muda mrefu sana kioo kinaonyesha paa tupu, hakupita kweli. Vijana wa vijiweni mnaosoma hapa naomba sana hilo mlichukue, na kofia ya abiria ifungwe kidevuni jamani sio kuwekwa tu kichwani kama kapelo.

Kuhusu kukimbia, usikimbie kabisa, ukimuacha mtu chini umejiongezea kosa kubwa kuliko la kwanza. Piga 112, mwite trafiki, piga picha vyombo vikiwa pale pale vilipo kabla havijasogezwa. Ukiona watu wanataka kukupiga hapo ondoka ila nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu uripoti, sio nyumbani. Na msimalizane barabarani! Hapo ndo wote wawili mnaumia. Trafiki akija anapima, anachora ramani ya ajali, majeruhi anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kama kosa ni lako ile bima yako ya thedi pati unayoilipia kila mwaka kazi yake ndo hiyo, kumlipa uliyemuumiza. Sasa wewe umetoa 80,000 mfukoni na hakuna karatasi hata moja, na yeye kama goti lina ufa atajulia wapi? Hiyo hela inaishia kwenye picha ya eksirei na dawa, pikipiki inalala na hesabu inadaiwa.

Kuhusu faini, ya bodaboda ilishushwa kwenye bajeti ya 2021, bajaji nao wamo, na mimi naona ni sawa, 30,000 kwa mtu wa bodaboda ni kazi ya siku kadhaa.

Halafu mdogo wangu, hela si ulimtumia kwa simu? Basi namba yake unayo. Mpigie leo umuulize goti linaendeleaje.