Sakafu Ikijaa, Mpangilio Wako Uwe na Milango

Mwaka wangu wa kwanza wa mashindano ya dansi za ukumbini hapa Uingereza, mimi na mwenzangu tulikuwa na mpangilio wa hatua za wolzi, dansi ya mapigo matatu, tuliyoifanyia mazoezi miezi minne katika ukumbi mtupu. Raundi ya kwanza tukaingia jozi kumi na nne kwa mpigo. Hata kona ya pili hatujafika, kiwiko cha mtu kikampata mwenzangu begani. Tukasimama, na nilipotaka kuendelea sikujua nianzie wapi. Nilikuwa nimeukariri mpangilio kama shairi: ukinikatiza ubeti wa tatu, sina budi kurudi wa kwanza.

Siku hizi tumeukata vipande vifupi, na kila kipande kina njia mbili au tatu za kutokea. Ninachokitegemea zaidi ni nusu ya kwanza ya mzunguko wa kulia. Nikiimaliza, nimeupa mgongo upande tunakokwenda, na mwenzangu ndiye anayeona mbele. Njia ikiwa wazi, tunaingia kwenye spini, yaani kuzunguka kwa kasi papo hapo, na kusogea konani. Ikizibwa, narudi hatua moja, navuta mguu wa kulia kando, wa kushoto unausogelea bila kubeba uzito, tunatulia, kisha tunatoka kwa mzunguko wa kushoto kuelekea katikati ya ukumbi. Kituo hicho huchukua sekunde mbili hivi, na mara nyingi zinatosha jozi iliyotuzibia kupita.

Kwa hiyo macho ya mwenzako ni nusu ya macho yako. Mkono wake wa kushoto uko juu ya mkono wangu, chini kidogo ya bega. Akinibonyeza kwa vidole, nasimama, siulizi. Makubaliano hayo yafanyieni mazoezi kama hatua nyingine yoyote. Mwalimu wetu alikuwa akipanga viti vinne ukumbini na kuvihamisha muziki ukiendelea. Wiki ya kwanza nilivigonga vyote.

Katika dansi nyingine, tango inasamehe, kwa sababu ukikata mwendo ghafla inaonekana umekusudia. Kwikistepi, dansi ya kasi, haisamehi. Humo fupisha hatua mapema, kabla hujabanwa, lakini mkao wa juu usiuguse; mabega yakianza kujikunyata, majaji wanaona hata kama hukumgusa mtu.

Ukipata nafasi ya kufika Blackpool, mji wa pwani hapa Uingereza, mwezi Mei, kwenye tamasha la dansi lililoanza 1920, panda roshani ya ukumbi wa Empress Ballroom wakati wa raundi za awali. Miguu iache. Tazama jinsi wazuri wanavyochagua njia kabla ya kona, wakati wengine bado wanasukumana pembeni. Mimi nilijifunza mengi pale kuliko kwenye video yoyote.

Na mkigongana, maana mtagongana, inamisheni kichwa kuomba radhi, shikaneni upya taratibu, subirini pigo la kwanza la muziki, mwanzie hapo hapo mlipo. Hatua zilizopotea msizifukuzie.